Nani Atamlisha Askari Tuliyemfundisha?

Hotuba hii niliitoa Iringa mjini mbele ya vijana waliotoka JKT, wazazi wao na wastaafu wenzangu. Wengi waliniomba niiandike, nami nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Kamwene!

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu mwenyekiti, wastaafu wenzangu, mama zangu, na ninyi vijana mliorudi juzi kutoka Mafinga na Itende, ambao hata mkitumwa dukani kununua chumvi bado mnatupa mikono kama mko kwenye gwaride: asanteni kwa kutoka nyumbani na baridi hii.

Nimeombwa nizungumzie ulinzi wa kanda yetu. Mada hiyo ni kubwa kuliko mimi. Nitakata kipande kimoja tu ninachokijua kwa sababu nimekitolea jasho: kumchukua kijana wa nchi nyingine, nchi iliyo vitani, na kumfanya askari. Nimekuwa mkufunzi. Nimepuliza filimbi saa kumi na moja alfajiri kwenye viwanja vya hapa nyumbani na vya ugenini, nimekaukiwa sauti kwa kuita "mguu sawa". Sasa nimestaafu na magoti yanauma, lakini kuna swali moja nililotoka nalo huko ambalo halijanipa likizo hata siku moja. Tukishamfundisha huyu kijana, nani atamlisha?

Nianze na kisa. Jina la nchi nitalihifadhi, kwa heshima ya wenyeji walionipokea vizuri.

Nilikuwa na kuruta mmoja, kijana mrefu, mkimya, mwenye shabaha. Mita mia moja, risasi tano, na matundu yote matano unayafunika kwa kiganja. Nikampa seksheni aiongoze. Wiki ya tisa akaja gwarideni na kandambili. Nikamfokea mbele ya wenzake. Akasimama mguu sawa na kandambili zake, akasema: "Afande, buti nimeuza. Mke wangu amejifungua, na huu ni mwezi wa tatu sijaona mshahara." Nikampa adhabu, maana sheria ni sheria. Akaruka kichura akauzunguka uwanja wote, na katika vijana mia na zaidi hakuna hata mmoja aliyecheka. Jioni nikaenda kwa mtunza fedha wa kikosi chao kuuliza. Nikafunguliwa daftari. Jina la kijana lilikuwepo, na mbele ya jina kulikuwa na sahihi: mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sahihi nzuri yenye mkia. Kijana yule hakujua kuandika. Kwenye karatasi zangu zote alikuwa anaweka dole gumba.

Kozi ikaisha. Tukapiga picha, wakubwa wakahutubia, ripoti ikaenda juu kwamba kombania moja imehitimu. Baada ya miezi kadhaa dereva mmoja wa lori akaniambia kombania ile imeweka kizuizi barabarani, inawatoza akina mama wanaopeleka ndizi sokoni. Nikamuuliza kizuizi chenyewe kikoje. Akanieleza: gogo limelazwa pale barabara inapopinda, mmoja anasimama mbele kusimamisha magari, wawili wamejificha ubavuni na bunduki ya kumlinda. Ndugu zangu, hilo ni somo langu. Nililifundisha siku mbili nzima, na vijana wale walikuwa wamelishika neno kwa neno.

Tangu siku ile sijahesabu tena waliohitimu. Nauliza kwanza daftari la mishahara liko kwa nani.

Wengi humu mna miparachichi, na mnajua kubebesha. Unaotesha kokwa la kienyeji, mche ukifika unene wa penseli unaukata, unachomeka kikonyo cha Hass, unafunga na nailoni. Kikonyo kinaweza kutoka shamba bora kuliko yote Njombe au Rungwe. Lakini kitakula kwa mizizi ya mwenyeji. Kama mizizi imeoza, kikonyo kitatoa majani mawili matatu kwa utomvu kiliokuja nao, mwenye shamba atafurahi na kuita majirani, halafu kitakauka. Mafunzo yanayotoka nje ni kikonyo. Sherehe ya kuhitimu ndiyo yale majani mawili matatu.

Mambo haya yametokea kwa mataifa yenye fedha kuliko sisi. Watanzania tunalijua neno "hewa". Mwaka 2016 nchi nzima ilihesabu watumishi hewa. Basi fikirieni askari hewa. Juni 2014 mji wa Mosul nchini Iraki uliangukia mikononi mwa wapiganaji waliokuwa wachache kuliko jeshi lililopangwa kuulinda, jeshi ambalo Marekani ililifundisha na kulipa silaha kwa miaka. Novemba mwaka uleule Waziri Mkuu Haider al-Abadi akatangaza kwamba wamegundua askari hewa 50,000. Wanalipwa, na hawapo. Kamanda akiambiwa ana watu mia sita, kwenye mahandaki wako mia mbili, na hao mia mbili wanajua mia nne wengine wameliwa na nani. Unawezaje kumwambia mtu kama huyo akae afe mahali pake?

Afghanistan ilikuwa vivyo hivyo, kwa ukubwa zaidi. Ofisi ya mkaguzi maalumu wa Marekani, SIGAR, ilihesabu karibu dola bilioni 88 zilizoingia kwenye kujenga majeshi na polisi wa nchi ile. Kwenye makaratasi walikuwa askari na polisi 300,000. Tarehe 15 Agosti 2021 Kabul ikaanguka. Nimesikia watu wakisema, hata vijiweni hapa Iringa, kwamba Waafghani ni waoga. Naomba tusiseme hivyo. Jeshi lile lilizika makumi ya maelfu ya vijana wake kabla ya siku ile. Walikuwa kwenye vituo vilivyozingirwa, hawaletewi chakula, hawaletewi risasi, na kwenye redio wanasikia kuwa mgeni aliyewafundisha ameshapanga tarehe ya kuondoka.

Angalieni jambo la helikopta, maana linaonyesha kosa la mwalimu kuliko la mwanafunzi. Mafundi wa Afghanistan walikuwa wameizoea Mi-17 ya Kirusi, wanaifungua na kuifunga wenyewe. Marekani ikaamua kuwabadilishia, ikawaletea Black Hawk, ndege nzuri sana, ambayo matengenezo yake yalitegemea wakandarasi wa kigeni. Mwaka 2021 wakandarasi wakafunga mizigo wakaondoka. Rubani aliyefundishwa vizuri akabaki na ndege isiyo na fundi. Mkufunzi alikuwa amejenga jeshi la kwao katika nchi ya watu, na mishahara ya jeshi hilo nayo kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye mifuko ya wageni.

Hapo mtanisamehe nirudi nyumbani, karibu kabisa. Kilomita chache kutoka hapa tulipokaa, Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Mkwawa aliuvunja msafara wa Emil von Zelewski. Tukisimulia tunasema tuliwapiga Wajerumani, na ni kweli. Lakini wengi waliokufa pale walikuwa Wasudani walioandikwa jeshini Misri na Wazulu waliochukuliwa kutoka Msumbiji. Walifundishwa na Mjerumani, walilipwa na Mjerumani, na mwaka 1894 Mjerumani aliporudi kuivunja Kalenga alikuwa tena na askari wa namna hiyo. Walikuwa watiifu kweli. Utii wao ulikuwa kwa aliyewapa posho, na mwananchi wa hapa hakuwa na nafasi ndani yake. Kwa hiyo nikiuliza nani atamlisha askari, sitosheki na jibu kwamba mfadhili atamlisha. Alipwe kidogo, lakini alipwe na nchi yake, kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya macho ya watu wake.

Kongo kuna watu waliolielewa hili. Zamani mishahara ya jeshi ilishuka pamoja na amri: fedha zinatoka kwa jenerali, zinapita kwa kanali, zinapita kwa meja, na kila zilipolala usiku mmoja ziliamka zimepungua. Kuanzia 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioitwa EUSEC ulifanya kazi ambayo haina picha nzuri za gazetini. Ulisaidia kuwahesabu askari mmoja mmoja, kuwapa vitambulisho vyenye alama za vidole, na kuutenga mkondo wa fedha na mkondo wa amri. Mimi, mtu wa kwata na shabaha, nakiri kwamba yule karani mwenye mashine ya alama za vidole alilisaidia jeshi lile kuliko wakufunzi kumi wa aina yangu.

Lakini hata hilo halikutosha. Mwaka 2010, Kisangani, Marekani ilikifundisha kikosi cha 391, askari wapatao 750. Walichujwa, walifundishwa vita na haki za raia, na walionyeshwa hata kulima na kufuga samaki ili waweze kujilisha. Kwa mkufunzi, hiyo ni kozi ya ndoto. Novemba 2012 waasi wa M23 wakaichukua Goma, jeshi la serikali likarudi nyuma kwa fujo hadi Minova, na pale Minova askari wakabaka wanawake na wasichana kwa siku kadhaa. Askari wa kikosi cha 391 walikuwamo miongoni mwa waliotuhumiwa. Nimelifikiria jambo hili usiku mwingi. Nadhani ni hivi: kikosi kilikuwa kizuri kikiwa peke yake, kambini, chini ya wakufunzi. Kikarudishwa ndani ya jeshi lilelile, chini ya makamanda walewale, kwenye mkanyagano uleule wa kukimbia bila chakula. Ukifua shati moja ukalirudisha kwenye kapu la nguo chafu, usitegemee kulikuta safi.

Sisi wenyewe tulikuwepo. Mwaka 2013, kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ikaenda chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, na mwisho wa mwaka M23 wakashindwa. Tulishangilia. Tarehe 7 Desemba 2017 tukawapoteza vijana wetu wasiopungua 14 katika shambulio la kambi ya Semuliki, na wapo humu wanaojua uzito wa kupokea jeneza lenye bendera. Januari 2025 Goma ikaanguka tena. Nawaomba vijana mlisikie hilo polepole. Mgeni anaweza kukushindia vita, na baada ya miaka kumi na moja ukarudi palepale, kama nyuma yake hakuna jeshi la mwenyeji lililosimama kwa miguu yake.

Sasa niseme jambo la kuishi na unaowafundisha, maana hapa ndipo ninapoona wakubwa wanakosea sana. Mwaka 2012 Afghanistan askari wa kigeni wapatao 60 waliuawa na watu waliovaa sare za jeshi na polisi walewale waliokuwa wakiwafundisha. Baada ya hapo ikabidi darasani awepo mlinzi mwenye silaha iliyo tayari, wakamwita malaika mlinzi, kazi yake kuwaangalia wanafunzi wasimuue mwalimu. Siwalaumu, ningekuwa mimi ningetaka mlinzi wangu. Lakini jiwekeni kwenye nafasi ya mwanafunzi. Mtu anakufundisha kumwamini mwenzako wa kulia na wa kushoto, huku mwenzake amekuelekezea bunduki mgongoni. Kilichofundishwa saa ile ni kutoaminiana.

Sisi tulikula na makuruta wetu. Siku ya ugali na dagaa, mkufunzi alikula ugali na dagaa. Siku ambayo rasheni haikufika, hatukufungua makopo yetu pembeni. Kwenye mstari wa chakula nilijifunza mambo ambayo hayamo katika ripoti yoyote: nani hatakaa karibu na nani kwa sababu ya kijiji alikotoka, sajenti yupi anaogopwa, yupi anapendwa, nani analia usiku. Mkufunzi anayekuja kwa wiki sita na kulala hotelini atajua majina ya silaha zao tu.

Na lugha. Ukitaka kujua mkufunzi atafanikiwa, sikiliza anavyokaripia. Akikaripia kupitia mkalimani, karipio linapoa njiani. Mtanzania akifika Goma anajiona yuko nyumbani kwa sababu ya Kiswahili, lakini akisema risasi wao wanasema masasi, na akiingia kambini atakuta amri na matani ya askari ni kwa Kilingala, maana hiyo ndiyo lugha ya jeshi la nchi ile tangu enzi za Mbelgiji. Kiswahili ni lugha ya raia wa mashariki, Kilingala ni lugha ya mwenye bunduki. Mama wa Kivu anayesikia Kilingala mlangoni usiku anajua aliyebisha hodi ni mtu wa aina gani kabla hajafungua. Usipolijua hilo, unaweza kufundisha doria kijijini mwaka mzima na usielewe kwa nini wanakijiji wanakimbilia porini.

Cabo Delgado, hapo ng'ambo ya Ruvuma, ni vilevile. Vita vilianza Oktoba 2017 Mocímboa da Praia, na Oktoba 2020 viliruka mpaka hadi Kitaya, Mtwara, kwa hiyo asituambie mtu kwamba ni mambo ya mbali. Tangu 2021 Umoja wa Ulaya ulifundisha kombania 11 za Msumbiji, makomando Chimoio na askari wa majini Katembe, wakufunzi wengi wakiwa Wareno. Kireno kinafaa maofisa. Lakini Chimoio na Katembe ni mbali sana na Nangade, huko Cabo Delgado, na watu wa pwani ile wanazungumza Kimwani, Kimakonde na Kiswahili. Kijana wa kusini anayepelekwa kule anakuwa mgeni katika nchi yake mwenyewe, wakati adui anazungumza na wavuvi kwa lugha ya mama zao.

Wazee wangu, nimeacha kwa makusudi jambo lililonifanya nikubali kuja hapa. Tunatafuta mifano Iraki na Afghanistan wakati mfano mkubwa uko mlangoni. Itumbi, kule Chunya, na Mgagao, hapa kwetu Kilolo, palikuwa na kambi za wapigania uhuru wa Zimbabwe. Vijana waliotoka Rhodesia walifundishwa katika ardhi yetu, chini ya mwavuli wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ambayo hadi 1994 iliongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita. Wakufunzi Wachina walifika, na kiongozi wa vijana hao wa Zimbabwe, Josiah Tongogara, alikuwa amesoma Nanjing, China, mwaka 1966. Kabla ya hapo vikundi vya Wazimbabwe vilivuka mto Zambezi vikiwa na bunduki na ujasiri, vikamalizwa. Sinoia, ndani ya Rhodesia, tarehe 28 Aprili 1966, saba walikufa siku moja. Wachina wakawaambia bunduki ni sehemu ndogo ya somo. Mpiganaji ni samaki na wananchi ni maji. Usichukue hata sindano wala uzi wa mtu. Ukiazima mlango wa mkulima ulalie, asubuhi uurudishe.

Mimi ninalionea wivu somo lile. Lilijibu swali langu la nani atamlisha: mwanakijiji atamlisha, akitaka, na atataka ikiwa kuku wake hawajaibwa.

Lakini sikilizeni yaliyofuata, na hapa sitapamba. Mwishoni mwa 1975 wakubwa waliamua ZANLA, jeshi la chama cha ZANU, na ZIPRA, jeshi la chama cha ZAPU, waungane kuwa jeshi moja, ZIPA. Wa kwanza walifundishwa kwa mtindo wa Kichina, wa pili kwa mtindo wa Kisovieti, na nyuma ya kila upande kulikuwa na chama chenye kinyongo. Wakawekwa kambi moja Mgagao. Mwaka 1976 wakapigana wenyewe kwa wenyewe palepale, vijana wakafa kwenye milima ya Kilolo, mbali kabisa na vita walivyokuja kujiandaa navyo. Hakuna gwaride linaloweza kuunga kilichopasuka juu.

Na baada ya uhuru wao, 1980, nchi ile ilipata wakufunzi wa aina mbili kwa wakati mmoja. Waingereza walikuja kuyaunganisha majeshi matatu yaliyokuwa maadui, yaani ZANLA, ZIPRA na jeshi la Rhodesia, kazi ngumu, iliyoingiliwa na mapigano ya Entumbane, mjini Bulawayo, na hata hivyo jeshi moja likapatikana. Pembeni, kuanzia 1981, wakufunzi 106 wa Korea Kaskazini wakaifundisha Brigedi ya Tano, iliyokuwa nje ya mfumo wa kawaida wa amri na kuwajibika kwa Waziri Mkuu. Januari 1983 ikapelekwa Matabeleland, na maelfu ya raia wakauawa. Wengi katika brigedi ile walitoka ZANLA, jeshi lilelile la somo la sindano na uzi. Somo jema lilikuwa vichwani mwao, na amri waliyopewa ilitoka kwa mwanasiasa asiye na wa kumuuliza. Kwa hiyo siku hizi swali langu la pili, nikishajua mshahara unatoka wapi, ni hili: kikosi hiki kikikosea, kitashtakiwa wapi, na nani ana ubavu wa kukishtaki?

Nasi tumewahi kuwa wanafunzi. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Walitaka nyongeza ya mshahara na maofisa Waafrika. Lilikuwa jeshi lililofundishwa vizuri na Mwingereza, lenye kwata safi, ambalo halikujiona kuwa mali ya nchi yake. Mwalimu Nyerere, kwa uchungu mkubwa, ilibidi amwite Mwingereza yuleyule aje alinyang'anye silaha. Baadaye kambi ile ikaitwa Lugalo, jina letu la Iringa, na nikilisoma getini nilikuwa nakumbuka mambo yote mawili.

Kilichofuata ndicho ninachotaka vijana mkielewe. Jeshi lilivunjwa na JWTZ ikazaliwa tarehe 1 Septemba 1964, vijana wakichukuliwa kutoka ndani ya wananchi, wengi kutoka umoja wa vijana wa TANU. Mizizi ilipandwa kwanza. Baada ya hapo vikonyo vikaja. Wajerumani wa Magharibi walianza kutusaidia, wakaondoka mapema 1965 kwa sababu ya ugomvi wao na Ujerumani Mashariki, bila kujali kozi imefika wapi. Wakanada walikuwepo kuanzia 1965 hadi 1970. Wachina wakachukua nafasi. Kila mgeni alipoondoka jeshi lilibaki, kwa kuwa halikuwa la mgeni.

Tulipogeuka walimu hatukufanya vizuri sana, na ni wajibu wetu kulisema wenyewe. Tuliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Jeshi jipya la Uganda, UNLA, tulilisaidia kusimama. Lakini lilikuwa limeundwa na makundi, Kikosi Maalum cha Obote huku, Fronasa ya Museveni kule, na kila mkubwa akaendelea kuandikisha watu wake. Mwaka 1981 tukarudisha majeshi yetu nyumbani. Tulikuwa tumechoka, na nchi ilikuwa kwenye dhiki. Wale tuliowaacha wakatuhumiwa kwa mauaji ya raia Luwero, na Julai 1985 jeshi hilohilo likaipindua serikali ya Obote. Wapo wastaafu humu waliofundisha vijana wale na wanawakumbuka kwa majina.

Mali sitakaa nayo. Inatosha kusema kwamba Kapteni Amadou Sanogo aliyepindua serikali Machi 2012 alikuwa amesoma kozi Marekani, na kwamba Umoja wa Ulaya ulifundisha jeshi la Mali kwa miaka kumi na moja, 2013 hadi 2024, na katika muda huo maofisa wakapindua serikali mara mbili. Somalia nako wamefundisha Waturuki, Wamarekani, Wazungu, Waganda, Waarabu, kila mmoja na kikosi chake na bunduki zake, hadi askari wawili wa nchi moja wanashindwa kupeana magazini za risasi.

Vijana, baadhi yenu mtaingia JWTZ au polisi, na wachache mtakuja kuwa wakufunzi. Mtatumwa nchi jirani, kwa sababu Tanzania inaaminika na kwa sababu tuna Kiswahili. Mkifika, ombeni kuliona daftari la mishahara kabla hamjaomba kuliona ghala la silaha. Tafuteni sajenti mwenyeji anayeheshimiwa, mfundisheni yeye kwa miezi, yeye awafundishe wenzake kwa lugha anayootea ndoto. Nendeni mkakae sokoni, msikilize akina mama wanasemaje kuhusu sare ile. Na ikiwa mnaona wazi kwamba mnakinoa kisu cha kuwachinjia wenyeji, andikeni ripoti mseme hivyo, hata kama kozi imebaki wiki moja na wageni wa heshima wameshaalikwa. Mimi niliyaona yale madaftari, nikaandika kwamba kombania imehitimu. Hilo nalibeba.

Nina ombi moja. Wakati Mgagao ni kambi, kulikuwa na wanakijiji waliowauzia wale vijana mahindi na viazi, kulikuwa na Watanzania waliopika, waliochota maji, waliofundisha. Waliona vijana wale wakiingia na wakitoka. Walijua nani analipa akichukua kuku na nani halipi. Nataka kuwasikia kabla hawajatutoka, niandike wanachokumbuka, na wakufunzi wanaotumwa nje wakisome. Nitakuwa hapo nje kwenye benchi wakati wa chai. Mwenye babu au bibi Kilolo, au kule Chunya upande wa Itumbi, aje aniambie kijiji na siku ambayo mzee hayuko shambani. Usafiri nitajitafutia.